Skrubu Mbili za Cherehani

Ineza mwanangu,

Nimekutuma Mahoko ukamuage shangazi yako, na mlishaagana Jumapili baada ya misa. Ulinitazama, ukataka kuuliza, ukaacha, ukachukua mwavuli ukaenda zako. Sasa ujue sababu: nilitaka nyumba iwe tupu. Kuna mambo siwezi kuyasema wewe ukiwa umekaa hapo mbele yangu na macho yale uliyorithi kwa bibi yako. Kwa hiyo nayaandika, mimi ambaye tangu nitoke shule kule Karagwe sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya bega na kiuno.

Mambo ya sweta, ya kutokula ovyo njiani, ya kumpigia baba yako ukishavuka mpaka wa Rusumo, hayo nimeyasema mpaka umeziba masikio. Kesho alfajiri stendi nitayasema tena, unanijua. Humu siyaweki. Humu nataka kusema kwa nini huandiki.

Usikunje uso, najua unaukunja. Watu wa Dar es Salaam wamekupa nafasi ya miezi tisa kwenye ile nyumba yao ya waandishi chipukizi, kula na kulala juu yao, kwa sababu ya kurasa tatu tu ambazo mwalimu wako wa Kiswahili alizipiga picha kwa simu akawatumia. Lakini walisema wazi: mwezi wa kwanza ukiisha bila hadithi nzima kuwa mezani, nafasi anapewa mwingine na wewe unarudi. Hadithi nzima haipo. Ilikuwepo, kwenye daftari lako lenye jalada la bluu, na daftari halipo.

Tangu lipotee unakaa kila jioni kwenye meza yangu ya kupigia pasi, unaandika mstari mmoja, unaukata, unakunja karatasi. Unadhani nawashia jiko zile karatasi bila kuzitazama? Nazifungua. Mstari ni ule ule. "Siku ile mwanamke alikuwa anashona." Kesho yake: "Mwanamke alikuwa anashona siku ile." Kisha: "Alikuwa anashona, yule mwanamke." Halafu chini yake hakuna kitu, karatasi nyeupe mpaka mwisho. Juzi nilikusikia ukimwambia baba yako kwenye simu, "Baba, nadhani zile kurasa tatu zilikuwa bahati tu. Mimi si mwandishi." Nilikuwa nashona sare za kwaya. Nikaacha kukanyaga, nikakaa na mguu wangu juu ya pedali, na wewe hukugundua.

Naogopa, Ineza. Nikuambie tu, maana huku kujifanya shujaa kumenichosha. Naogopa basi, naogopa zile kona za kupanda Kanama na malori ya mizigo yanayoshuka bila breki. Naogopa milio ya bunduki inayotoka ng'ambo, upande wa Goma, kwamba siku moja utanipigia simu na mimi nitakwambia tuko salama na haitakuwa kweli. Naogopa hata mlima wetu wa moto. Ukiona wekundu juu yake jioni, wewe unatoka nje kuutazama, mimi nafunga dirisha. Lakini hofu zote hizo nimeishi nazo na zimenizoea. Iliyo mpya ni hii: kwamba utakwenda kukaa kwenye nyumba ya watu, mbele ya karatasi nyeupe, ukiwa umejiaminisha kwamba kasoro ni yako. Watakurudisha, na utarudi ukiamini hivyo, na mimi nitakupokea stendi, nitakubebea begi, nitanyamaza. Ninavyojijua, nitanyamaza. Ndiyo maana naandika leo, kabla sijapata nafasi ya kunyamaza tena.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa najifunza ushonaji kwa mwanamke mmoja kule Karagwe aliyeitwa Mama Dafroza. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Akimpima bibi harusi mwenye aibu, anayejikunyata asivue kitenge, alimwambia, "Mficha uchi hazai, na kwangu hashonewi. Simama wima." Siku moja aliletewa satini nyeupe ya harusi, baba wa binti aliifuata mpaka Bukoba. Akaniita, akanipa mkasi, akasema, "Hii unakata wewe." Akaenda zake sokoni.

Sikukata. Siku ya kwanza nilisema mkasi ni butu. Siku ya pili nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kiliuma. Siku ya tatu nilikitandaza kitambaa, nikakichora kwa chaki, nikafuta, nikachora, nikafuta, mpaka satini ikaanza kuwa chafu. Mama Dafroza alisimama mlangoni akinitazama sijui muda gani. Kisha akaniuliza, "Konso, unaogopa kitambaa au unamwogopa mwenye kitambaa?"

Akaenda stoo, akarudi na mfuko wa simenti mtupu, akaupasua, akaukung'uta vumbi, akautandaza juu ya meza. "Kata hii. Karatasi ya simenti haina mwenyewe. Ukiharibu hakuna atakayelia." Nikakata, nikakosea. Nikakata mwingine, mkono ukatoka mkubwa, ungemtosha mtu wa mieleka. Wa tatu ukakaa sawa. Nikailaza karatasi ile juu ya satini, nikakata satini, na bado nikalipunguza bega moja. Mama Dafroza akaweka ua la kitambaa hapo. Bibi harusi alilipenda lile ua kuliko gauni lenyewe. Watu walisifu, nasi tukakaa kimya.

Basi mimi nilidhani nimejifunza. Nilidhani nimeelewa lile swali. Kumbe nililielewa mwaka huu, nikiwa nafungua karatasi zako ulizokunja. Wewe huogopi karatasi, mwanangu. Hujawahi kuogopa karatasi, tangu ukiwa na miaka saba unaandika kwenye risiti zangu. Unamwogopa mwenye hadithi. Na mwenye hadithi ni mimi.

Siku ile unaijua kuliko ninavyoijua. Lakini hatujawahi kuitaja, hata mara moja, mimi na wewe, kwa hiyo acha niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mlima ulikuwa umeshamwaga moto wake upande wa Goma. Watu walikuwa wamevuka mpaka wa Grande Barrière na magodoro kichwani, mji umejaa, shule zimejaa. Moto uliposimama ardhi ndiyo ikaanza: inatikisika asubuhi, inatikisika mchana, tunalala uani chini ya turubai. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Baba yako alikuwa na lori lake njiani kuelekea Rusumo. Nyumbani tulikuwa watatu, mimi, wewe na bibi yako, mama yake baba yako, ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa mwaka mzima. Siku tatu tulimbeba nje, tukamrudisha ndani, tukambeba nje. Siku ya nne mvua ilinyesha, akaanza kukohoa, nikasema arudi kitandani kwake, chumba cha nyuma. Mimi ndiye niliyesema. Nikakaa kwenye cherehani kwa sababu nilikuwa na gauni la mteja, na kwa sababu nikishona siwazi.

Ardhi ilitikisika mchana ule, ikatulia. Ukuta wa chumba cha bibi yako ulipasuka kuanzia dirishani mpaka sakafuni, nikauona ufa ule kupitia mlango wenye pazia. Siku zile sote tulishajua: mtikisiko wa kwanza ukiwa mkubwa hivyo, wa pili unakuja nyuma yake. Nilikuwa na dakika moja, labda mbili.

Kichwa cha cherehani ya miguu kimeshikwa na skrubu mbili kwa nyuma. Nilitoa mkanda kwenye gurudumu. Nikafungua skrubu ya kwanza kwa kidole, ilikuwa imelegea. Ya pili ilikuwa imekaza. Nikafungua droo, nikatafuta bisibisi, nikaipata chini ya vifungo. Wewe ulitokea kwenye pazia, nikakwambia, "Toka nje." Ukanitazama, ukatazama mikono yangu, ukageuka ukarudi kwa bibi yako. Nilikuona ukirudi. Nikakipakata kile chuma kifuani, nikatoka nacho hadi barabarani.

Bibi yako siku zile alikuwa amekonda mpaka ningemburuta peke yangu juu ya mkeka wake. Nimelifikiria hilo mara nyingi mno.

Mtikisiko wa pili ulinikuta barabarani. Hapo ndipo watu wakapiga kelele, mabati yakalia, tofali za jirani zikaanguka. Mama Zaituni, yule anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, alinikuta nimesimama na mashine mikononi akanisifu. Akasema, "Mama Ineza, we iko na akili sana, mashine haikubakia mu nyumba." Kisha akatazama nyuma yangu. "Na ule mama muzee, iko wapi?" Nikamjibu, "Anakuja na Ineza." Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ilipotulia nikarudi. Nilikuta umekaa sakafuni kwenye kizingiti cha mlango, kichwa cha bibi yako mapajani mwako, nyote wawili mna weupe wa chokaa kwenye nywele. Hukulia. Yeye ndiye aliyesema. Alinitazama mimi, si wewe, akaniambia, "Humura." Alikuwa akikwambia wewe neno hilo ulipokuwa mdogo ukiota ndoto mbaya, tulia, usiogope. Aliishi mwaka mwingine mzima. Hakumwambia mwanawe, hakumwambia yeyote. Mchana nikikaa kimya, alikuwa akiniambia kutoka chumbani, "Mama Ineza, shona nisikie." Sikujua kama ananisamehe au ananiadhibu, na mpaka leo sijui.

Sasa daftari.

Niliposhika lile daftari nilikuwa natafuta karatasi. Hilo ni kweli. Wewe unajua namna tunavyofanya: patroni, zile karatasi tunazolaza juu ya kitambaa na kuzizungushia chaki, hatununui. Tunachukua daftari zilizokwisha, tunapaka uji wa ngano kwenye kingo, tunaunganisha kurasa mpaka ziwe shuka, tunakata. Nusu ya wanawake wa mji huu wamekatiwa nguo kwa hesabu zako za darasa la tano. Mama mmoja wa Nengo alitaka gauni la kola, haraka, na vipimo vyake havikuwa kwenye patroni yoyote niliyokuwa nayo. Nikaenda kwenye rafu yako. Daftari la bluu lilikuwa juu.

Nilikwambia nilidhani ni la zamani. Nilikwambia, "Samahani mwanangu, sikutazama." Nilitazama, Ineza. Nilikaa kwenye godoro lako nikalisoma lote, tangu "Siku ile mwanamke alikuwa anashona" mpaka mwisho. Ukiuliza kama ilikuwa nzuri, mimi si mtu wa vitabu, ila nilipofika kwenye mtikisiko wa kwanza nilishika kitanda. Ulimpa yule mwanamke jina jingine, ukampa mume mvuvi, ukamtia kwenye mji mwingine. Nikasema moyoni, vizuri, si mimi. Halafu nikafika pale: "Alifungua skrubu mbili. Ya kwanza ilikuwa imelegea. Ya pili ilikuwa imekaza, akatafuta bisibisi kwenye droo, chini ya vifungo."

Chini ya vifungo. Ulikuwa umesimama kwenye pazia muda wote huo.

Nilianza kuhesabu watakaosoma. Mama wa Nengo atasoma. Padri atasoma. Mama Zaituni hajui kusoma lakini kuna watakaomsomea. Baba yako atasoma, na kikongwe yule ni mama yake aliyemzaa. Nilijiona nikipita sokoni na watu wanaacha kuongea. Hofu ile haikunipa nafasi ya kufikiri, au ilinipa, maana koroga uji wa ngano uone inachukua muda gani. Nilikoroga uji. Niliupooza. Nilichana kurasa moja moja, nikazipaka, nikazibandika, nikangoja zikauke. Hata mara hii nilikuwa na muda.

Na kibaya zaidi ni kwamba nilikuita unisaidie. Ulikuwa umetoka shule, nikakupa chaki na zile patroni, nikakwambia chora. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka unikaripie, mambo yaishe. Uliziona. Nilikuwa nakutazama kwa pembe ya jicho huku najifanya natia uzi kwenye sindano. Ulisoma mstari mmoja kwenye kipande cha mgongo, ukausoma tena, kisha ukakilaza juu ya kitambaa, ukakizungushia chaki taratibu, pande zote, bila kuruka. Ulipomaliza ukaniuliza, "Mama, nafasi ya mshono niache kiasi gani?"

Nikasema vidole viwili. Ndipo nikaleta ule uongo wangu wa daftari la zamani, na wewe ukasema, "Si neno, mama." Tangu siku hiyo hujaandika.

Gauni lilitoka vizuri mno. Mama wa Nengo amelivaa harusi tatu. Kila nikimwona nalo nageuza njia.

Nimejaribu kukusaidia kwa njia za kijinga, umeziona. Nilikununulia kalamu mpya. Nilikununulia daftari lenye jalada gumu. Nilikwambia ulale mapema, upumzike, uwaze mambo mazuri. Siku moja nilikwambia uandike kuhusu ziwa, watu wa Dar watapenda kusikia habari za ziwa Kivu, na wewe ukatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mtu. Yote hayo nilikuwa nampa mgonjwa dawa ya kichwa na mimi ndiye niliyemkanyaga mguu.

Kwa hiyo leo nimefanya mawili, kabla hujarudi.

La kwanza, nimempigia baba yako. Nilingoja mpaka aliposimama kula, maana habari hii si ya kumpa mtu akiwa na usukani. Nimemwambia yote. Skrubu, droo, wewe ulivyorudi, mama yake alivyobaki. Nimemwambia na daftari. Nikadhani mtandao umekatika, nikaita, "Baba Ineza?" Akasema, "Niko hapa." Kisha akasema, "Nina mzigo, Konso. Tutaongea nikifika." Akakata. Atafika Ijumaa. Wewe utakuwa umeshakwenda, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa sababu sijui tutaongea nini na sitaki uwe katikati tena. Lakini elewa maana yake kwako: hakuna tena unayemlindia siri. Wa mwisho aliyekuwa hajui anajua.

La pili ni bahasha hii ya kaki. Sikuzitupa zile patroni. Mara mbili nilizipeleka jikoni na mara mbili nikazirudisha, nikazificha chini ya pipa la mabaki ya vitambaa. Leo nimezipanga kama zinavyopangwa kwenye kitambaa na nimeziandika nyuma kwa chaki ya bluu: mbele, mgongo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, sketi. Ukizilaza sakafuni kwa mpangilio huo, hadithi inasomeka, sehemu kubwa. Panapopita kwapa na shingo maneno yamekatwa, vipande vile nilishawashia jiko. Utayajua yaliyokuwa hapo. Na usipoyajua yatie mengine, ni kazi yako hiyo. Ukizichukia karatasi hizi, zichome, sitauliza. Ila usianze na lile daftari la jalada gumu nililokununulia. Tafuta mfuko wa simenti, Dar hakukosekani ujenzi. Andika vibaya humo. Mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vibaya, mkono utoke wa mtu wa mieleka.

Na usinihurumie. Najua hili ni gumu kwako, una moyo wa bibi yako. Najua utataka kumfanya yule mwanamke alie, au apige magoti, au kitu fulani kinachofanyika hadithini. Hakulia. Aliuliza mashine imepata mikwaruzo gani. Kweli, Ineza, ndivyo nilivyofanya, niliigeuza pale pale barabarani nikaikagua. Kama kuna mtu huko Dar atasoma akaniona mwovu, na anione. Mimi nimekaa na huyu mwanamke miaka mitano bila mtu wa kumwonyesha, na naogopa kumwonyesha. Lakini nikikupima kwenye mizani, wewe umekaa kimya mbele ya ile meza na mimi nimesalimika sokoni, sitaki tena kusalimika namna hiyo.

Mvua imekatika. Nasikia pikipiki zimeanza kupita, utakuwa umeshapanda kurudi. Lipo moja limebaki, na nimelizunguka barua nzima.

Kola haimo kwenye bahasha. Utaitafuta, usiitafute. Ilikatwa kwenye ukurasa mmoja tu, na gauni lilipokwisha niliutia ukurasa ule kwenye pasi ya makaa, peke yake. Ni ule ulioandika kwamba mwanamke hakusikia akiitwa. Uliandika kelele za watu barabarani, na mbwa, na bati linalogonga, ukasema sauti ya kikongwe ilimezwa humo. Mengine yote niliyavumilia, hata bisibisi. Ukurasa huo nilishindwa, kwa sababu ndio pekee uliokuwa wa uongo, na ulikuwa umedanganya kwa ajili yangu. Sasa nadhani hapo ndipo kalamu yako inapokwama hata leo. Unafika pale, unajua si kweli, na hutaki kumvua mama yako nguo mbele za watu.

Basi acha nijivue mwenyewe. Nyumba ilikuwa kimya. Kati ya mtikisiko wa kwanza na wa pili hapakuwa na kelele yoyote, mbwa wenyewe walikuwa wamenyamaza. Bibi yako, tangu niolewe, hakuwahi kuniita jina langu. Siku zote ni Mama Ineza. Siku ile aliita, "Konsolata." Wewe ulikuwa kando yake, unajua sauti ilivyokuwa. Akangoja kidogo, akaita tena. Skrubu ya pili ilikuwa bado.

Nilisikia.

Mama yako